Ndege Iliyolazwa Juu ya Chai

Kebirigo, Jumamosi jioni, Agosti ikielekea ukingoni

Mwanangu Kerubo,

Leo ni miaka kumi na minane na miezi saba tangu nitoke kule juu, wakati wa fujo za uchaguzi. Nimezoea kuhesabu hivyo, miaka kwanza halafu miezi, kama mfungwa, ingawa hakuna aliyenifunga. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Kesho asubuhi unakwenda kuishi mwendo wa nusu saa kutoka mahali nilipokubeba mgongoni tukikimbia, na jana uliniuliza kwa mara ya tatu, "Tata, si tuende wote?" Nilisema chai inapoa.

Sasa uko kwa baba yako mkubwa, unamuaga mama mkubwa. Najua atakufungia ndizi na unga wa wimbi, na atakuonya kuhusu baridi ya kule mpaka uchoke, kwa hiyo mimi sitagusa habari za sweta wala za chakula wala za watu wa kuogopwa. Nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka minne, na nisipoliandika kabla hujarudi nitaliacha tena, maana kuliacha nimekwisha kujifunza.

Ni kuhusu ndege iliyomkata mama mkubwa vidole.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Kule juu ardhi imelala. Ukisimama shambani baada ya mavuno ya mahindi unaona mstari mmoja mrefu pale mbingu zinapogusa nchi. Nilijifunza useremala kule, na kabla sijamudu kununua pima maji nilikuwa nikiweka dirisha kwa kufumba jicho moja na kulilinganisha na mstari ule. Halikuwahi kwenda upande. Tulipofika hapa, kwa watu wa babu yangu ambao sikuwahi kuishi nao, nilikuwa na pima maji, timazi, na vitabu vitatu vilivyolowa mvua. Hati ya shamba niliisahau ndani ya kabati nililolitengeneza kwa mikono yangu. Kaka yangu Ondieki, baba yako mkubwa, aliyekuwa amebaki huku kwa babu, alinionyesha pa kujenga, pembeni ya chai yake. Majirani waliniita omogeni, mgeni, kwa utani tu, kwa sababu nilikuwa nikizungumza Ekegusii cha mtu aliyekulia mbali. Nilicheka nao. Lakini kwa mwaka mzima nilikuwa nikishikwa na kizunguzungu kila nikitoka nje asubuhi. Kila upande ni kilima. Macho hayakuwa na pa kupumzikia. Mama yako, Mungu amrehemu, alidhani nimepungukiwa damu, akanipikia mboga za chinsaga wiki nzima.

Sikumwambia mtu kwamba ulikuwa ule mstari.

Unakumbuka ndege ya kwanza? Ulikuwa kidato cha tatu. Mabawa tuliyakata kutoka kwenye povu gumu la kufungia televisheni, mimi nikachonga uti wake kwa mti wa grevilia. Ulinieleza kwamba ndege inayojiendesha, kabla ya kujua iendako, lazima ijue jambo dogo zaidi: imekaaje hewani. Imelalia bawa lipi, imeinua pua au imeishusha. Mtu aliye chini hawezi kuisaidia, kwa sababu ikishafika mbali ni kidoa tu. Kifaa ulichokipata, kilichokuwa kimekwisha kutumiwa na mtu mwingine, kilikuwa na macho manne ya kuhisi joto. Nchi ina joto, mbingu zina baridi. Bawa likiinama, jicho la upande huo huona nchi zaidi kuliko mbingu, na kifaa hulinyanyua mpaka pande mbili zilingane.

Nililipenda wazo hilo kupita kiasi. Ulikuwa ni mstari wangu wa kule juu, umetiwa ndani ya kisanduku.

Ikapaa vizuri. Ukaiachia ijiendeshe. Upande wake wa kulia palikuwa na kilima, kimepigwa jua tangu asubuhi, nayo ikahisi joto lile ikadhani bawa la kulia limeinama. Ikajirekebisha. Ikajirekebisha zaidi. Ikalala kushoto na kuteremka bondeni, ikaingia kwenye migomba ya watu. Wanawake waliokuwa wakichuma chai walicheka hadi vikapu vikawashuka mgongoni. Mama mkubwa Bosibori akapaza sauti kutoka katikati ya chai:

"Hicho kipanga chenu kimeona kifaranga gani huko?"

Tangu siku hiyo ikaitwa Kipanga cha Omogeni, na wewe ukalipenda jina hilo ukaliandika ubavuni kwa rangi nyekundu. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba nikakaa juu ya mbao. Kile kisanduku hakikuwa kibovu. Kule juu kingeruka mchana kutwa.

Kisha ulikwenda chuo, na likizo ya kwanza ulirudi na kibao kisichozidi ukucha wa dole gumba. Ulinifundisha mezani kwa kutumia timazi yangu, na sitaisahau jioni ile, kwa sababu ulikuwa mwalimu na mimi mwanafunzi, wala hukunionea huruma. Ulisema ndani ya kibao mna vihisi viwili. Cha kwanza ni kama timazi, huhisi uzito unavutwa upande gani. Ukaniuliza, ndege ikikata kona ndefu, timazi iliyoning'inia ndani yake itaelekea wapi.

Nikasema, "Chini."

"Chini kwa nani, tata?"

Ukaniambia kwamba ndege inapokata kona huinama, na timazi huinama pamoja nayo. Aliye ndani akiitazama ataiona inaelekea sakafuni barabara, kana kwamba ndege imetulia. Anaweza kuwa anazunguka na kuteremka, na timazi ikamwambia hana shida yoyote.

"Hata kona ikiwa ndefu sana?" nikauliza.

"Ikiwa ndefu ndiyo anaamini zaidi."

Cha pili ni jairo. Hiki hakijali uzito. Chenyewe huhesabu kila mgeuko, upesi, bila kukosa hata mmoja. Ila kila hesabu ina kosa dogo kama punje ya mchanga, na punje hizo hurundikana, mpaka baada ya dakika kadhaa jairo inaapa kwamba ndege iko wima kumbe imelala. Ndiyo maana hufungwa vyote viwili. Jairo husikilizwa kwa mambo ya sasa hivi, na ile timazi huivuta nyuma polepole, kidogokidogo, isije ikapotea. Hakuna kati yavyo kinachoaminiwa peke yake. Nilipenda hilo pia, ingawa kwa namna nyingine. Halafu ukasema jambo la mwisho, ukiwa umekwisha kusimama kwenda kuosha vyombo. Ulisema vyote viwili vinahitaji kwanza kuonyeshwa usawa ni upi. Unaiweka ndege mahali palipolala sawasawa, unabonyeza kitufe, unangoja taa igeuke kijani. "Hapo itaamini chochote utakachoionyesha, tata. Haina njia ya kukubishia."

Sasa nimefika.

Siku ile ya ajali, likizo hiyohiyo, ile ndege tulikuwa tumeirekebisha na kuitia kibao hicho, nawe uliionyesha usawa asubuhi, kwenye sakafu ya saruji ya jikoni. Nilikuona. Ulitumia pima maji yangu, ukaweka vipande vya karatasi vilivyokunjwa chini ya gurudumu moja mpaka kipovu kikakaa katikati. Ulifanya kazi hiyo kama fundi. Kisha tuliibeba mpaka juu ya shamba la chai, na ulipofika ukakumbuka kwamba betri ya rimoti umeiacha nyumbani. Ukaniachia ndege ukateremka mbio.

Sikupata pa kuiweka. Chini palikuwa na matope. Chai ya baba yako mkubwa ilikuwa imetoka kukatwa, na unajua chai iliyokatwa vizuri inavyokuwa: juu yake ni meza tupu, kijani, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Nikailaza ndege juu yake. Ikatulia vizuri sana. Nikaitazama, nikafikiri jinsi tulivyoitikisa njiani tukipanda kilima, nikasema moyoni kwamba ile kazi ya asubuhi huenda imeharibika. Nilikuwa nimesoma maelezo ya kile kibao mara mbili, kwa kamusi. Nilitaka urudi ukute kazi imefanywa. Nilitaka useme, tata anajua.

Na sikufanya ovyo, hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Nilipima. Fimbo ya mama mkubwa, ile ndefu anayoilaza juu ya chai ili wachumaji wasichume chini ya kiwango, ilikuwa pale. Nikailaza juu ya majani mbele ya mabawa. Haikuacha mwanya hata wa kidole. Miaka yote niliyoishi hapa nimesikia wachumaji wakilaza fimbo hiyo na kuridhika, kwamba meza imekaa vizuri. Nami nikaridhika. Nikabonyeza kitufe. Taa ikawa kijani.

Kerubo, meza ya chai hufuata kilima. Mtoto wa darasa la pili hapa anajua hilo, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kilima hichohicho, mguu mmoja juu na mwingine chini. Fimbo ilikuwa ikinionyesha kwamba chai imelingana na chai. Pima maji yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti.

Ulirudi, ukaweka betri, ukarusha. Mengine unayajua, lakini uyasikie sasa ukijua na hili. Ulipoiachia ijiendeshe, ikalaza bawa la kushoto, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoifundisha kusimama. Ukaivuta kulia, ikakutii. Ulipolegeza kidole, ikarudi kulekule, kwa uaminifu. Nilikusikia ukisema, "Mbona inarudi? Mbona inarudi?" Ilizunguka huku ikiteremka. Mama mkubwa aliiona ikimjia, akainua mkono wa kulia kukinga uso. Kile kipanga alichokuwa akikicheka kikamkata kwa panga lake linalozunguka, kidole cha shahada na cha kati. Hivyo ndivyo vidole vya chai. Majani mawili na kichipukizi, hivyo ndivyo vinavyochuma.

Uso wake ulibaki mzima. Vidole vilishonwa Kisii lakini havikukunjika tena.

Siku ya tatu baba yako mkubwa alituita nyumbani kwake, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Ulisimama kabla ya kuulizwa. Ulisema, "Ni mimi. Nilibadilisha programu usiku wa kuamkia siku ile. Kuna mahali nimekosea, sijui wapi." Kibao kilikuwa kimepasuka, hapakuwa na cha kukutetea. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, nakuapia, nilikuwa nimeyapanga njiani. Ndipo mama mkubwa, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko, akasema, "Mwacheni mtoto. Kipanga hakina akili." Wazee wakacheka kidogo. Na baba yako mkubwa akasema, akitazama sakafu:

"Kwa mtoto tunasamehe. Ingekuwa ni mtu mzima ametenda hivi katika shamba langu, tungezungumza mengine."

Sijui kama alinikusudia. Katika miaka minne nimeigeuza sentensi hiyo kila upande. Nyumba yetu iko juu ya ardhi yake. Kaburi la mama yako liko juu ya ardhi yake. Nilikuwa nimekwisha kufukuzwa mara moja katika maisha haya, nikiwa nimekubeba, na pale mlangoni miguu yangu ilikumbuka kabla ya kichwa. Nikanywa chai. Nikasema, "Ahsante, kaka, kwa kumsamehe mtoto." Kwa mdomo huu.

Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Kisha mkono ukipona. Kisha ukirudi chuo. Kila asubuhi niliamka nikajiona nimesimama wima. Uzito ulikuwa miguuni kama kawaida, mikono ilichonga milango, Sabato nilikaa kanisani nikaimba. Wewe ndiye uliyenifundisha ni kwa nini, jioni ile ya timazi.

Lakini nimekuwa nikikuona. Ulirudi chuo ukaacha mambo ya kurusha, ukajitia kwenye mambo ya picha. Ukifunga mlango unarudi mara tatu kuutikisa. Ukipika ugali kwa kina mama mkubwa unapima unga kwa kikombe, wewe uliyekuwa ukimimina kwa mkono. Na mwezi uliopita, ulipopata kazi hii ya ndege za kupiga picha mashamba, badala ya kufurahi ulikuja kuniambia kama anayeungama, "Nimewaomba wasiniweke kwenye kurusha. Mikono yangu haiaminiki." Nilikuwa nikinoa randa. Niliendelea kunoa.

Mikono yako haijawahi kukosea. Programu yako haikuwa na kosa. Nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vyangu, ile nakala uliyoiacha kwenye daftari la bluu, nikitafuta kwa unyonge kosa lolote, hata dogo, nipate mwenzangu wa kugawana naye. Sikulipata. Ulichelewa kuizima ile otopailoti, hilo ni kweli, labda kwa pumzi tatu. Ulichelewa kwa sababu uliiamini asubuhi uliyoipima mwenyewe. Ulikuwa na haki ya kuiamini.

Kuhusu kazi, sina la kukufunza. Utajua kuliko mimi kabla wiki haijaisha. Ila wakikuletea ndege na kukuambia imekwisha kuonyeshwa usawa, uliza ilikuwa imewekwa juu ya nini. Uliza hata kama aliyeiweka ni mtu mwenye mvi anayekupenda. Na kama wewe mwenyewe siku moja utabonyeza kitufe mahali pasipofaa, na itatokea, kimbia ukaseme ukiwa bado unahema. Mimi nilidhani kosa langu lilikuwa dakika moja juu ya chai. Dakika ile ningeweza kuieleza, ilikuwa ni ujinga na majivuno kidogo. Haya ya miaka minne sijui niyaeleze vipi.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii chini ya kisanduku cha zana nilichokutengenezea, uikute kule. Nimeiona asubuhi hiyo: wewe peke yako katika chumba cha kupanga, na mimi huku salama. Hapana. Nitakupa mkononi ukirudi, nami nitakaa kwenye benchi la nje wakati unasoma. Ukitaka kuniuliza, niko hapo. Ukitaka kulala bila kusema neno, nitaelewa. Sikuombi unisamehe kabla ya kuondoka. Safari haitakiwi kubebeshwa hilo.

Kesho ukishaondoka nitakwenda kwa baba yako mkubwa na mama mkubwa, wakiwa wote wawili. Wazee sitawaita, asije mtu akadhani natafuta watetezi. Nitachukua fimbo ile na pima maji, niwaonyeshe nilivyofanya, kwa sababu kwa maneno matupu naweza kuanza kujipamba. Sijui kaka yangu atasemaje. Huenda yakawa yale "mengine" aliyoyataja. Ikiwa atasema niondoke, nitatafuta chumba Nyakoe au Kiogoro, useremala unapatikana popote. Lakini kila siku ya kuchuma nitapanda kilima nikachume upande wa mama mkubwa, kama atakubali. Nimekuwa nikijaribu kwenye vile vichaka vyetu sita vya nyuma ya nyumba. Ni mzito wa vidole, wanawake watanicheka, na bado nachuma jani la tatu. Nitazoea.

Sasa lile swali lako.

Najua yule jirani wetu wa zamani wa kule juu amekutumia ujumbe kwamba shamba bado lipo, na kwamba mpaka wetu ameulinda, hakuupita. Namwamini. Alikuwa mtu mwema hata usiku ule tuliokimbia. Na usidhani sitamani. Ukifika, asubuhi yoyote isiyo na ukungu, simama mahali palipo wazi, funga jicho moja, uutazame mstari ule kwa niaba yangu. Miaka yote hii nimesema nitarudi mwakani, na nilikuwa mkweli kila mwaka. Lakini nikija na wewe sasa, nitakuwa nimewaachia hapa mkono usiokunjika na uongo wangu juu yake, na kule juu nitasimama kwenye nchi iliyolala, mimi mwenyewe nimeinama, bila mtu wa kuniambia.

Nasikia sauti yako na ya mama mkubwa njiani, mnacheka. Anakusindikiza.

Basi, mama yangu, wewe uliyepewa jina la aliyenizaa: chumba ulichosema utanitengea, weka humo zana zako. Mimi sitarudi.

Baba yako